Makosa Safi ya Fyuzi

Fyuzi aliweka chaki, akapangusa vidole kwenye koti lake la karakana, akawageukia wanaume wawili waliokuwa wakimtazama. Nyuma yake ubao ulikuwa umejaa mwandiko wake uliosimama wima, kila namba imekaa mahali pake kama mgeni aliyeonyeshwa kiti.

Mkuu wa karakana hakusoma yote. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa mwisho, uso ukamshuka.

"Ampea tatu," alisema. "Mwalimu, saketi hii inatoa ampea ngapi?"

Mwalimu alitamani aulizwe kitu kingine, hata umri wake. "Sita, Mkuu."

"Sita. Binti, hii resista ya mwanzo nimeiandika ngapi?"

Fyuzi aliinua macho kwenye mchoro, akayashusha. "Mbili. Mimi niliiona nane."

"Mbili umeiona nane! Muhula uliopita sita uliiona tatu. Sasa mimi nikupeleke kwenye paneli ya hospitali, umwone mgonjwa mmoja wawili?"

Fyuzi hakujibu. Jina hilo la Fyuzi alipewa na wanafunzi wenzake kwa sababu ya kuwaka upesi. Siku zote neno moja la Mkuu lingempata na matatu ya kurudisha. Leo alisimama kimya, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Chuo kile kilikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo haukumbembeleza mtu. Ungeweza kufaulu mitihani yote ya karatasi, lakini cheti cha ufundi umeme hukipati mpaka usimame ubaoni. Mkuu huchora saketi kwa mkono wake, wewe unaitatua mbele yake na mbele ya mwalimu wako, na jibu la mwisho likikosewa unarudia muhula mzima. Fyuzi alikuwa ameshasimama mara mbili. Hii ilikuwa ya tatu.

"Nakwenda stoo kupokea nyaya," Mkuu alisema, akivaa miwani yake. "Nikirudi nikute mmeamua. Arudie muhula, au wewe Mwalimu umdhamini, nimchoree nyingine leo hii hii. Unaijua kanuni. Ukimdhamini akakosea, jina lake nalifuta chuoni. Sitaki kuliona tena."

"Naijua, Mkuu."

"Uzuri kitu kimoja," Mkuu alisema akiwa mlangoni. "Hesabu anajua. Tatizo macho."

Alipotoka, karakana ikawa kubwa ghafla. Mwalimu alimtazama Fyuzi, Fyuzi akawa anatazama vidole vyake vyeupe kwa chaki. Kulikuwa na meza moja tu katikati yao, meza ya futi chache yenye alama za kuungua za chombo cha kulehemu nyaya. Mwalimu aliijua meza hiyo kuliko kitanda chake. Kila mchana, wanafunzi wengine wakienda kwao, walikuwa wakikaa pande zake mbili, yeye na binti huyu, wakifuatilia mkondo kwa ncha ya penseli. Kisha Fyuzi hukunja koti lake na kuondoka, na Mwalimu huenda kwenye chumba chake cha kupanga, akapika chakula cha mtu mmoja, akala huku akizungumza na redio.

"Kaka yako yuko nje?" aliuliza.

"Yuko."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli. Nimekosea."

Alisema hivyo akipita kuelekea bombani kunawa. Hakumtazama. Lakini alipompita, mkono wa koti lake uligusa mkono wa Mwalimu, na Mwalimu akabaki ameushika mkono wake mwenyewe kama aliyepigwa shoti.

Uani, kaka mtu alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya ukuta, viatu vinang'aa, simu mkononi. Alikuwa mtu mcheshi, mwenye tumbo la kuanza kuanza. Alimwona Mwalimu akainuka.

"Niambie, Mwalimu! Tupige vigelegele?"

"Bado."

"Bado?" Kaka mtu alijishika kiuno. "Mwalimu, niambie kama mwanamume kwa mwanamume. Dada yangu ni mzito kiasi hicho? Maana nyumbani yeye ndiye anayetengeneza pasi, feni, na hata ile televisheni ya Mzee ilipokufa alifufua yeye. Akifika hapa kwenu anakuwa gogo. Au mnafundisha umeme wa nchi nyingine?"

"Si mzito," Mwalimu alisema, na akajisikia kuudhika kwa niaba yake. "Ana akili kuliko darasa zima."

"Basi msaidie amalize, ndugu yangu. Bwana harusi amechoka kungoja."

Mwalimu aliona ukuta ukisogea kidogo, ukarudi. "Bwana harusi?"

"Kumbe hajawaambia? Yule kijana wa ghala la vifaa vya ujenzi, pale barabara kuu. Mambo yote tayari. Mzee alitaka ifanyike zamani, lakini huyu bibie akamshika miguu: Baba, niache nimalize kozi kwanza. Mzee akasema sawa, ukikabidhiwa cheti na tarehe tunapanga. Sasa kila muhula tunakuja na furaha, tunaondoka na nyuso ndefu. Mama ameshashona nguo, Mwalimu. Mpaka imeanza kumbana!"

Alicheka. Mwalimu naye alijaribu kucheka, mdomo ukakataa.

Yeye na nyumba ile walikuwa na lao. Mwaka uliopita alimtuma mjomba wake kwenda kumposa Fyuzi. Alimwazima hata kanzu nzuri. Mjomba alirudi na jibu fupi, akalitoa akiwa amesimama, bila hata kuketi: mzee wa nyumba ile kasema hamwozi binti yake mtu anayekula vumbi la chaki. Mwalimu aliwaka. Alisema maneno ambayo mjomba alimwomba ayarudishe tumboni. Kisha akaapa kwamba hatapeleka tena neno mlangoni pa mzee yule, na kwamba Fyuzi hatasikia kutoka kwake neno lolote ambalo si la umeme. Kiapo hicho alikuwa amekishika kwa meno. Aliamini hata binti mwenyewe hakujua kama aliposwa.

"Nipe dakika chache," alimwambia kaka mtu. "Kuna njia moja bado."

Alirudi ndani. Fyuzi alikuwa bado bombani. Maji yalisikika yakimwagika kwa muda mrefu kuliko yanavyohitajika kuosha mikono. Mwalimu alisimama mbele ya ubao peke yake.

Ilikuwa saketi rahisi, ya kumfurahisha mtoto. Betri ya volti thelathini na sita. Mkondo unatoka, unapita resista ya kwanza, ya omu mbili, kisha unafika njia panda na kugawanyika kwenye resista mbili zilizokaa sambamba, moja ya kumi na mbili na nyingine ya sita, halafu unaungana na kurudi betrini. Kumi na mbili na sita zikiwa sambamba ni sawa na nne. Ongeza ile mbili ya mwanzo, unapata sita. Volti thelathini na sita kwa omu sita, ampea sita. Kwisha.

Fyuzi aliandika nane mahali pa mbili. Nane na nne, kumi na mbili. Ampea tatu. Pale njia panda tatu ikagawanyika, moja huku, mbili kule. Hakuna nusu, hakuna robo. Namba zote kamili.

Mwalimu alikunja uso.

Alichukua chaki, akaanza kujaribu pembeni mwa ubao. Kama angeiona ile mbili kuwa tatu, jumla ingekuwa saba, na thelathini na sita kwa saba haina mwisho mwema. Angeiona tano, ampea zingetoka nne, lakini zikifika njia panda zinavunjikavunjika. Sita, mkondo wenye desimali. Saba, ndiyo usiseme. Alijaribu tisa, ikawa mbaya kuliko zote. Nane. Katika namba zote ambazo binti wa watu angeweza kuziona kwa bahati mbaya, ni nane peke yake iliyoifanya saketi nzima itoke bila doa.

Akakumbuka muhula uliopita. Namba kamili. Akakumbuka na ule wa kabla yake. Kamili tena. Wanafunzi wanaokosea kweli aliwajua. Makosa yao yana mikia, yana desimali zinazokimbia mpaka ukingo wa ubao, na mwenyewe anatoka jasho akishangaa. Makosa ya Fyuzi yalikuwa safi kuliko majibu ya wenzake.

Ili mtu akosee hivyo, ni lazima kwanza awe amelipata jibu. Kisha, akiwa amesimama vile vile, Mkuu anamtazama mgongoni, atafute kichwani ni namba gani ya kubadilisha ili uongo usimame wima. Mwalimu mwenyewe hakuwa na uhakika kama angeweza.

Hatua zilisikika nyuma yake, kisha zikasimama. Fyuzi aliona zile hesabu za pembeni, na maji yaliyokuwa yakimdondoka kidevuni hakuyafuta.

"Kwa nini nane?" Mwalimu aliuliza bila kugeuka.

"Niliiona vibaya."

"Kwa nini si tisa?"

Fyuzi alijipangusa mikono kwenye koti.

"Nakuuliza, Fyuzi. Kwa nini si saba? Kwa nini si tatu? Mbili ya Mkuu na tatu zinafanana hata kwa kipofu. Nane imetoka wapi?"

"Mwalimu, naomba nirudie muhula. Basi."

Hapo aligeuka, na hasira ilikuwa imeshampanda kichwani. "Unajua nimefanya nini kwa ajili ya macho yako? Nimenunua chaki za rangi! Nimebadilisha namna ya kufundisha mpaka wenzangu wananicheka. Nilikutuma kwa daktari wa macho!"

"Nilikwenda."

"Akasemaje?"

"Akasema naona mpaka kucha za sisimizi."

Siku nyingine wangecheka wote wawili. Fyuzi alijaribu, tabasamu likafika nusu, likageuka.

"Umenifanya mjinga," Mwalimu alisema, sauti ikiwa chini sasa. "Kila ulipokosea nilikwenda kwangu nikajihesabu mimi ndiye niliyeshindwa. Nilisema mwanafunzi mwenye akili hivi, kama haelewi, basi mwalimu wake ni bure. Nilifikiri kuacha kazi."

"Sikujua."

"Utajuaje, na hukuniambia kitu!"

"Nikwambie?" Macho ya Fyuzi yaliwaka, na sasa alikuwa yule yule wa siku zote. "Nikwambie wewe? Wewe tangu mwaka jana unaongea na mimi volti tu! Habari za asubuhi huniulizi. Nikija na kikohozi unaniambia nishike multimita vizuri. Siku shangazi yangu alipofariki, nilikaa pale kwenye meza nimevimba macho, ukanieleza kanuni ya njia panda mpaka mwisho, halafu ukasema kesho tutaendelea."

"Sikuwa na haki ya kukuuliza mambo yako."

"Nani alikunyima?"

"Baba yako!"

Neno lilimtoka kabla hajalishika. Alifumba mdomo. Fyuzi alimtazama muda mrefu, na ule moto wa machoni ukafifia taratibu.

"Nilikuwa nyuma ya pazia," alisema.

"Siku gani?"

"Siku mjomba wako alipokuja. Nilikuwa nimeshika sinia la maji. Baba alipolisema lile neno la chaki, glasi ziligongana. Mjomba wako alisikia, akatazama pazia, akanihurumia. Nikangoja kesho yake uniambie neno. Lolote. Ukaingia, ukachora saketi."

Mwalimu alitafuta pa kushika. Aliishika meza. Mwaka mzima alikuwa amejiona shujaa, mtu aliyeumia peke yake kwa heshima. Kumbe upande wa pili wa meza hii hii kulikuwa na mtu mwingine anaumia peke yake, kwa umbali wa mkono, na yeye hakumpa kitu ila penseli.

"Ungenisemesha wewe," alinong'ona.

"Mimi ndiye niliyekataliwa? Niseme nini? Pole kwa kutukanwa na baba yangu?" Alijifuta kidevu kwa mkono wa koti. "Nikaona basi. Kila nikikosea napata muhula mmoja. Muhula mmoja si haba. Baba hawezi kuvunja neno lake, na yule bwana wa ghala anaendelea kungoja, na mimi naendelea kukaa pale, wewe unanichorea. Haikuwa maisha, lakini ilikuwa kitu."

"Na mwisho wake?"

"Sikuwa nimefika huko."

Nje kaka mtu alikuwa anacheka na mtu kwenye simu. Wote wawili walisikiliza kicheko kile mpaka kikaisha.

"Nitakwenda kwenu," Mwalimu alisema. "Leo. Simtumi mtu. Nakwenda mwenyewe, namkabili baba yako pale sebuleni, namwambia..."

"Atakwambia lile lile."

"Aseme! Safari hii na mimi nina la kusema."

"Najua unalo. Utawaka, naye atawaka, mtarushiana maneno mpaka majirani wajae dirishani, halafu wewe utaondoka. Nani atabaki kufagia?" Alisogea karibu zaidi, upande wake wa meza. "Nisikilize. Kila mtu ananingoja mimi nimalize. Baba ananingoja, bwana wa ghala ananingoja, wewe pia unaningoja, usikatae. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza."

Mwalimu aliiachia meza. Kisha, kwa shida, kama mtu anayeinua kitu kizito kwa mkono ambao haujazoea, aliuliza. "Unataka nini?"

Fyuzi aligeuka. Alitazama ubao, akazitazama zile namba zake nzuri za uongo.

"Nataka kumkataa yule mtu kwa mdomo wangu," alisema. "Siku zote nimekuwa nikimkataa kwa hesabu, halafu naitwa mjinga. Nimechoka kuitwa mjinga, Mwalimu. Mkuu aliposema habari ya mgonjwa wa hospitali, nilitaka kumwonyesha pale pale."

"Basi nikudhamini?"

"Nidhamini. Lakini kuna kitu nataka uniahidi kwanza." Alimkazia macho, na Mwalimu akayapokea macho yale bila kukwepa, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita. "Nikimaliza, nitamwambia kaka. Halafu nitakwenda kumwambia baba. Wewe usiseme neno. Hata moja. Wala usije nyumbani leo."

"Nikuache peke yako na..."

"Ukisema neno moja tu, kukataa kwangu kunakuwa kwako. Watasema yule wa chaki ndiye aliyemfundisha. Na mimi mwenyewe sitajua kama nilikataa kwa sababu simtaki yule, au kwa sababu wewe ulisimama nyuma yangu. Acha hili liwe langu."

"Na sisi?"

Fyuzi alitazama mlango. "Sijui," alisema. "Sitaki kukudanganya, nimeshadanganya vya kutosha. Sijui baada ya leo kutakuwaje. Uniahidi."

Mwalimu hakuwa mtu wa kunyamaza. Mama yake alikuwa akisema kwamba alizaliwa akijibu. Alipangusa vumbi la chaki viganjani.

"Nimeahidi."

Mkuu alirudi na vumbi la stoo mabegani. Aliposikia kwamba Mwalimu anamdhamini, alimtazama kwa juu ya miwani. "Una hakika? Mimi nikifuta nimefuta."

"Nina hakika."

Mkuu hakuchora saketi ya kitoto safari hii. Alichora betri mbili: kushoto ya volti ishirini na nne yenye resista ya omu nne, kulia ya volti kumi yenye resista ya omu mbili, na katikati resista ya omu sita inayotumiwa na zote. Alipomaliza, alijifuta mikono kama mtu aliyechimba shimo.

Fyuzi alichukua chaki. Alichora mishale mitatu ya mikondo. Mmoja unatoka kwenye betri ya kushoto, mmoja unatoka kwenye betri ya kulia, na miwili hiyo inakutana kuwa wa tatu unaoshuka katikati. "Kinachoingia njia panda ndicho kinachotoka," alisema, akaandika. Akazunguka kitanzi cha kushoto, akijumlisha volti na kuziondoa mpaka aliporudi alikoanzia. Akazunguka cha kulia. Hakusita wala kurudi nyuma, na chaki ilikuwa ikilia ubaoni kwa mwendo mmoja kama cherehani ya mtu aliyezoea. Mwalimu alimtazama. Kumbe hivi ndivyo alivyo, alifikiri. Mwaka mzima nimekaa naye na sijawahi kumwona.

Kushoto, ampea tatu. Katikati, mbili. Kulia, moja, na mbele ya ile moja kulikuwa na alama ya kutoa.

"Aha," Mkuu alisema, akiinama mbele. "Una mkondo wa kutoa moja. Umekosea mshale. Futa uugeuze."

"Sifuti, Mkuu."

"Hufuti?"

"Nilipouchora sikujua unakokwenda. Nilikisia. Hesabu imeniambia unakwenda kinyume na nilivyokisia, basi. Betri ya kulia haitoi, inapokea. Mshale nauacha ili mtu aone nilipoanzia, na alama inamwambia ukweli. Jibu ni lile lile."

Alihakiki mbele yao: tatu kwa nne, kumi na mbili, mbili kwa sita, kumi na mbili, jumla ishirini na nne. Upande wa pili, kumi na mbili za katikati ni kumi za betri na mbili za resista yake. Akaweka chaki.

Mkuu alisogea ubaoni. Alivua miwani, akaivaa tena. "Sasa macho yamepona?"

"Yamepona, Mkuu."

"Umefaulu. Na sitaki kujua daktari wako ni nani." Alimtupia Mwalimu jicho moja la haraka, akatoka.

Kaka mtu hakungoja kuitwa. Aliingia mikono juu, akamkumbatia dada yake mpaka miguu ikaacha sakafu. "Amemaliza! Fundi wangu! Ngoja nimpigie Mzee, leo leo tarehe inapatikana."

"Kaka, weka simu."

"Sekunde moja tu..."

"Weka simu, kaka yangu. Simtaki yule bwana."

Kaka mtu aliendelea kutabasamu, kwa sababu uso wake ulikuwa bado haujapata habari. "Humtaki nani?"

"Wa ghala. Hana ubaya. Simtaki tu. Nakwenda kumwambia baba mwenyewe, na mama, sasa hivi."

"Wewe! Nguo zimeshonwa! Watu wameambiwa!" Alimwachia, akarudi nyuma, na macho yake yakazunguka karakana mpaka yakamkuta Mwalimu kando ya meza. Yakatulia hapo. "Ahaa. Sasa naelewa kozi isiyoisha."

"Mwalimu hahusiki."

"Hahusiki! Mjomba wake alikuja kwetu kwa miguu yake miwili, unadhani nimesahau? Mwalimu, ndicho ulichokuwa unamfundisha hapa mchana kutwa? Tunakuletea mtoto umpe cheti, wewe unamharibia nyumba? Sema!"

Damu ilimpanda Mwalimu mpaka masikioni. Maneno yalikuwa tayari, yamejipanga mlangoni mwa mdomo, makali, ya haki, mengine ya tangu mwaka jana. Alimtazama Fyuzi. Fyuzi hakutikisa kichwa, hakumkonyeza, hakufanya lolote. Alimtazama tu, na katika macho yale Mwalimu aliona mtu aliyeshika ncha moja ya kamba, anangoja kuona kama aliyeshika ncha nyingine ataachia.

Alinyamaza.

"Hana hata la kujibu," kaka mtu alisema kwa dharau. "Mwanamume mzima. Huyu ndiye wa kumvunjia Mzee heshima? Chaki imemkausha mpaka ulimi."

"Twende, kaka," Fyuzi alisema.

Alivua koti la karakana. Alilikunja vizuri, akaliweka juu ya meza, upande wake, maana halikuwa lake tena. Lilikuwa la wanafunzi. Alipofika mlangoni alisimama kidogo. Mwalimu alidhani atageuka. Aliuona mgongo wake ukiinuka kwa pumzi ndefu, kisha akashuka ngazi.

Sauti ya kaka mtu ilisikika uani ikifoka, ikapita lango, ikawa ndogo barabarani. Ya Fyuzi haikusikika kabisa.

Mkuu alichungulia. "Nimesikia kelele. Kakutukana yule?"

"Ndiyo."

"Na wewe hukujibu? Wewe?"

"Sikujibu."

Mkuu alingoja aelezwe. Alipoona hakuna maelezo, aliguna, akaenda zake.

Mwalimu alifunga madirisha, akafunga mlango, akatoka. Jua lilikuwa linashuka na watu wanatoka makazini, wawili wawili, wengine wameshikana mikono, wengine wanabishana juu ya bei ya kitu. Kutoka langoni pa chuo kwenda chumbani kwake kuna njia ya mkato, na njia hiyo inapita mbele ya nyumba ya mzee yule, karibu kabisa na dirisha la sebule. Kila jioni hupita hapo. Alijua kwamba sasa hivi wameketi, kwamba baba amezima televisheni, kwamba Fyuzi amesimama katikati ya chumba na mikono yake nyuma. Akipita hapo na dirisha liko wazi, atasikia. Na akisikia sauti ya mzee imepanda, hakuna ahadi duniani itakayomzuia asiingie.

Alisimama njia panda muda mrefu, watu wakimpita pande zote. Kisha akapiga moyo konde, akaipa mgongo njia yake ya kila siku, akazunguka kwa barabara kuu, mbali, mahali ambapo hakuna dirisha lolote analolijua.